Vuli Ikitanda Mirongo: Namna ya Kumtambua Ndege Asiye wa Hapa

Kuanzia Oktoba, vuli inapoingia Mwanza, Mto Mirongo hubadilika ndani ya saa moja. Maji yaliyokuwa yakijivuta chini ya madaraja ya katikati ya jiji huvimba, hubeba udongo wa vilimani, chupa za plastiki na mabua, na kuvimwaga vyote katika Ziwa Victoria. Wakazi wa Mabatini huanza kunyanyua magodoro. Wenye maduka hushusha milango. Mtu anayetoka wakati huo na darubini shingoni kuelekea ufukweni huonwa kuwa amerukwa na akili, lakini anajua anachokifuata. Hali mbaya ya hewa huwashusha chini ndege waliokuwa wakipita juu bila kuonekana, na huwasukuma wengine nje ya njia zao. Hali hiyo hiyo humfanya ndege wa kila siku aonekane kiumbe wa ajabu. Kazi yote ya mtazamaji ni kutenganisha mambo hayo mawili.

Mfano bora wa Afrika Mashariki uko mbali kidogo na ziwa: hoteli ya Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Hoteli hiyo imekaa juu ya ukingo wa milima, na usiku huwasha taa kali ili wageni waone wanyama wanaokuja kunywa maji. Tangu mwaka 1969 wataalamu na watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanyika pale Novemba na Desemba, katika siku zisizo na mbalamwezi, wakisubiri ukungu. Ukungu ukishuka, ndege wadogo wanaosafiri usiku kutoka Ulaya na Asia kwenda kusini hupotewa na mwelekeo, huvutwa na mwanga na kutua vichakani kwa wingi usioaminika. Hunaswa kwa nyavu laini, huvishwa mguuni pete ya chuma yenye namba, kisha huachiwa. Mamia ya maelfu wamevishwa pete kwa njia hiyo, na baadhi yao wamepatikana tena Mashariki ya Kati na Ulaya. Miongoni mwao yumo ndege wa matete wa Basra (Acrocephalus griseldis), anayezaliana zaidi katika mabwawa ya kusini mwa Iraki na aliye hatarini kutoweka, na pia Locustella fluviatilis, msiri wa vichaka ambaye kwingineko barani mtu anaweza kumtafuta miaka mingi asimwone.

Usiku ukiwa mweupe, ndege hao hao hupita juu ya Ngulia na nyavu hubaki karibu tupu. Kwa hiyo wengi wa wale tunaowaita adimu hawajapotea hata kidogo. Wako njiani mwao, kila mwaka, juu ya vichwa vyetu, na ukungu ndio unaotufungulia dirisha la kuwaona.

Waliopotea kweli wapo pia. Februari 2000, kimbunga Eline kilipoipiga Msumbiji na kuingia bara hadi Zimbabwe, ndege wa bahari kuu, wakiwamo buabua ambao kwa kawaida hawaonekani karibu na nchi kavu, walikutwa kwenye mabwawa mamia ya kilometa kutoka baharini. Msomaji wa Mwanza asikimbilie kutarajia hayo. Jiji liko zaidi ya kilometa 700 kutoka pwani, na vimbunga vinavyoifikia Tanzania ni vichache. Hidaya, kilichofika eneo la Mafia mwanzoni mwa Mei 2024, kiliishiwa nguvu hukohuko pwani. Mgeni wa Ziwa Victoria huletwa zaidi na mvua ya ziwa lenyewe, upepo wa kusi, ukame wa mabwawa ya bara, au umri: ndege kinda katika safari yake ya kwanza hukosea njia mara nyingi kuliko mzazi wake.

Ziwa hili, lenye kilometa za mraba zipatazo 68,800, hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto kabla ya maji, upepo hutoka ziwani na mawingu hujengeka bara. Usiku mambo hugeuka. Pepo za nchi kavu kutoka pande zote hukutana juu ya ziwa, hewa hupanda, na radi huunguruma majini tangu usiku wa manane hadi alfajiri. Ndiyo maana dhoruba nyingi huwakuta wavuvi wa dagaa wakiwa kazini. Ndiyo maana pia muda wa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, mvua ya usiku ikiwa inakatika, ni wa thamani kuliko mwingine wowote. Ndege walioshuka usiku bado wamechoka, wanakula kwa pupa na hawajaanza kutawanyika. Anayefika saa nne hukuta ufukwe wenye ndege wale wale wa jana.

Muda wa pili kwa ubora ni nusu saa kabla ya dhoruba ya alasiri. Mtazamaji asiangalie chini. Aangalie ukingo wa mbele wa wingu jeusi, pale hewa inapopanda na wadudu kupanda nayo. Mbayuwayu hukusanyika hapo, na nyuma yao huja kozi. Novemba na Desemba ni majira ya kozi wa Amur (Falco amurensis), anayezaliana mashariki mwa Siberia na kaskazini mwa China, kisha huvuka Bahari ya Hindi na kupita kwetu akielekea kusini mwa Afrika. Huandamana na mvua kwa sababu mvua hutoa kumbikumbi. Kozi wa Eleonora, wa visiwa vya Mediterania, naye hupita majira hayo akienda Madagaska. Dakika kumi za kuinua shingo kabla ya matone ya kwanza huweza kuzidi asubuhi nzima ya jua.

Kuna watu wanaojua mengi juu ya usiku wa ziwa kuliko mtu yeyote mwenye darubini, nao hawaulizwi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri wakati wa giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi mingi hupumzika. Usiku wa giza ndio ule ule unaowaleta ndege chini kule Ngulia. Mtazamaji anayefika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, alfajiri, wakati dagaa wanapakuliwa, awaulize wavuvi kwa adabu: jana usiku kuna ndege mdogo aliyetua mtumbwini? Alikuja mvua ikinyesha au kabla yake? Alikuwa na rangi gani kifuani? Asiwape majina, asiwaonyeshe picha kwanza, kwa kuwa mtu akishaonyeshwa picha hukumbuka picha. Mwanza ina mamia ya taa juu ya maji usiku wa giza, na habari za kinachotokea kwenye mwanga huo zimeandikwa kidogo mno. Hapo pana kazi inayomsubiri mtu mwenye subira.

Baada ya saa, mahali. Mdomo wa Mirongo wenyewe hauvutii. Maji yake yamebeba uchafu wa jiji, na hali hiyo ni aibu inayopaswa kuondolewa. Hata hivyo mafuriko huacha tope jipya, na tope jipya huita vitwitwi, wale ndege wadogo wa miguu mirefu wanaodonoa kandokando ya maji, wengi wao wasafiri wa kutoka kaskazini. Siku mbili za kwanza baada ya mto kupungua ndizo za kuchunguza tope hilo, kabla watu na mbuzi hawajalikanyaga. Mwaloni huvuta shakwe, minandi, yangeyange, mwewe na marabu kwa mabaki ya samaki, na shakwe aliyetoka mbali hupenda kujichanganya na wenzake wanapokula. Kivuko cha Kamanga ni jukwaa zuri la kutazamia maji ya wazi, kwa nauli ndogo na chini ya paa. Nyegezi, Malimbe na Luchelele zina mafunjo na ghuba tulivu, na upepo mkali unapovuma ndege wa maji ya wazi hukimbilia huko. Saanane, kisiwa kidogo kilichotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2013, kinafaa kwa siku ambayo ziwa limetulia, si kwa siku ya dhoruba.

Upepo unastahili kuzingatiwa kuliko mvua yenyewe. Husukuma gugumaji na vipande vya mafunjo kutoka ghuba moja hadi nyingine, pamoja na ndege waliomo. Vipande hivyo huweza kuwa vikubwa kuliko watu wanavyodhani: Aprili 2020, maji ya ziwa yakiwa yamepanda sana, kisiwa kinachoelea kilifika kwenye mitambo ya Nalubaale kule Jinja na kuikatia Uganda umeme. Kipande kipya kikitia nanga Luchelele baada ya usiku wa upepo, kichunguzwe ukingo kwa ukingo. Humo mafunjoni kuna mfanano wa kuangaliwa: bustani za Mwanza zina ndege mweusi mwenye kifua chekundu kikali, mwenyeji wa kawaida kabisa. Nduguye wa mafunjo (Laniarius mufumbiri) hafahamiki sana, na huyo ana utosi wa manjano na mstari mweupe bawani. Anayeziangalia alama hizo mbili hatawachanganya, hata kwenye mvua.

Vifaa havihitaji utajiri. Darubini ya 8x42 inatosha, na kwa siku ya mawingu ni bora kuliko 10x42, kwa sababu duara la mwanga linalofika jichoni lina kipenyo cha milimita 5.25 badala ya 4.2. Tofauti hiyo huonekana wazi wakati anga imefunga. Kitambaa kikavu cha pamba kikae mfuko wa ndani, na mfuko wa nailoni ufunike darubini inapokuwa haitumiki. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino, maana wino hukimbia karatasi ikilowa. Mtazamaji akae chini, mgongo kwenye upepo, viwiko juu ya magoti. Anayesimama kwenye upepo mkali mikono humtetemeka na ndege huwa ukungu mtupu.

Baada ya hayo kazi halisi huanza, nayo ni ya wenyeji kabla ya wageni. Ushauri wa msingi kuliko mwingine wote ni huu: mtu awajue ndege wa kawaida wakiwa wamelowa. Vitabu, hata kile kizuri cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha mwaka 2002 kinachohusu ndege wa nchi tano za ukanda huu, huwachora ndege wakiwa wakavu, wamesimama ubavu, mwanga ukiwa nyuma ya mchoraji. Mirongo haitoi mwanga huo. Manyoya yaliyolowa huwa meusi zaidi. Ndege mweupe dhidi ya wingu jeupe huonekana wa kijivu. Katika ukungu, ndege aliye peke yake majini hana kipimo, na mnandi huweza kudhaniwa kuwa mkubwa mara mbili. Kwa hiyo mtazamaji aanze kwa kuhesabu kila anachokiona: minandi wangapi, yangeyange wangapi, shakwe wangapi. Hesabu hulazimisha jicho kumtazama kila ndege mmoja mmoja, na mgeni hugunduliwa pale jicho linapokataa kumhesabu pamoja na wengine.

Yangeyange mdogo anafaa kuwa zoezi la kwanza. Ana miguu myeusi na vidole vya manjano, alama ambayo hata mtoto wa shule huikumbuka. Tope la Mirongo huvipaka vidole hivyo, na ghafla kuna yangeyange mwenye vidole vyeusi ambaye hayumo kitabuni. Dawa ni kumsubiri aingie kwenye maji safi au aruke, na kukagua mdomo na shingo kwa wakati huo. Alama yoyote inayoweza kupakwa au kuoshwa na tope isitumiwe peke yake.

Mtihani mgumu kuliko yote ya ghuba ya Mwanza ni buabua. Kati ya Septemba na Mei, buabua mabawa-meupe (Chlidonias leucopterus) hufika Ziwa Victoria kwa maelfu kutoka Ulaya na Asia. Huruka chini juu ya maji wakiokota wadudu, hasa siku za karibu na mwezi mwandamo ambapo mawingu ya nzi wa ziwani huibuka majini mithili ya moshi. Pamoja nao huwamo buabua masharubu, mwenye mdomo mnene zaidi. Na ndani ya maelfu hao anaweza kuwamo buabua mweusi (Chlidonias niger), ambaye njia yake ya kawaida hufuata pwani ya Afrika Magharibi na ambaye kwetu ni adimu kwelikweli. Wote watatu, wakiwa katika manyoya ya msimu wa mapumziko, ni weupe chini na kijivu juu. Kwa mbali, mvua ikinyesha, ni ndege mmoja.

Alama ya buabua mweusi ni doa la giza ubavuni mwa kifua, mbele ya mzizi wa bawa, pande zote mbili. Mabawa-meupe hana doa hilo. Tena mgongo wa mweusi na sehemu ya juu ya mkia vina kijivu kimoja kilichokolea, ilhali mabawa-meupe ana kiuno cheupe kidogo kinachotofautiana na mgongo. Utosi mweusi wa mweusi hushuka zaidi nyuma ya jicho. Kwenye karatasi mambo ni mepesi.

Ufukweni kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mvua: kifua kilicholowa hufanya kivuli upande mmoja, na kivuli hicho hukaa palepale panapotarajiwa doa. Kwa hiyo pande zote mbili zionekane, zaidi ya mara moja, ndege akiwa anakuja na akiwa anaondoka. Mtego wa pili ni kalenda. Kuanzia Machi, mabawa-meupe huanza kuvaa manyoya ya kuzalia, na mwili wake huwa mweusi vipande vipande. Baka jeusi kifuani mwezi Aprili si ushahidi wa chochote. Anayemtafuta buabua mweusi amtafute Novemba, Desemba na Januari, wakati mabawa-meupe wamekuwa safi, au asubiri hadi Aprili na Mei ambapo waliokamilisha mavazi hujitaja wenyewe: mabawa-meupe ana mwili mweusi na sehemu kubwa nyeupe bawani, ilhali mweusi ana bawa la kijivu tupu.

Njia ya kumpata kundini ni kukataa kulifuata kundi. Mtazamaji achague nguzo, boya au mtumbwi uliotia nanga, aelekeze darubini hapo na kuacha ndege wapite mbele yake mmoja baada ya mwingine. Anayehangaika kumfuata kila ndege huchoka katika robo saa na huwarudia wale wale bila kujua.

Masika yakishaisha na kusi kuanza, wageni hubadilika. Wa kaskazini wameondoka. Wanaofika ni wa kusini. Aliye muhimu kuliko wote ni kulastara wa Madagaska (Ardeola idae), ndege mdogo wa jamii ya kongoti anayezaliana Madagaska na visiwa vya jirani, kisha huja Afrika Mashariki na Kati kati ya Mei na Oktoba. Yuko kwenye orodha ya dunia ya walio hatarini kutoweka, na kila kumbukumbu sahihi ya mahali anapolishia ina faida kwa wanaopanga kumlinda. Tatizo ni kulastara wa kawaida, aliyeko kila bwawa. Wakipumzika, wote wawili wana mgongo wa kahawia na michirizi kifuani. Wakiruka, wote hufunua mabawa meupe kabisa. Wa Madagaska ana mgongo uliokolea zaidi, mdomo mnene zaidi, na michirizi mipana iliyoko juu ya weupe, wakati michirizi ya wa kawaida ni myembamba na iko juu ya rangi ya udongo hafifu.

Hapa tena maji hudanganya. Manyoya ya kifua yakilowa hugandamana, na michirizi miwili myembamba huwa mmoja mpana. Kulastara aliyetoka kunyeshewa asipewe jina hadi akauke, hata ikichukua saa nzima. Saa hiyo itumike kupima unene wa mdomo wake, ambao maji hayaubadilishi.

Katika miezi hiyo hiyo, nyanda za nyasi kuzunguka ziwa hupokea mbayuwayu buluu (Hirundo atrocaerulea), anayezaliana katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania na zaidi kusini, kisha hukaa msimu wa baridi katika maeneo kama Hifadhi ya Ruma, Kenya. Chini ya wingu zito kila mbayuwayu ni mweusi, kwa hiyo umbo la mkia, wenye nyuzi mbili ndefu, ndilo la kuangaliwa kwanza.

Kuhusu korongo nyangumi, yule wa mdomo mpana kama kiatu, matumaini yadhibitiwe. Kwa Tanzania makao yake ni ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar mwaka 2000, na upande wa Uganda watu humfuata Mabamba karibu na Entebbe. Marabu aliyejikunyata mvuani, shingo imezama mabegani, amewadanganya wengi kwa mbali.

Swali jingine huulizwa kwa kuchelewa: je, ndege huyu alifika kwa mabawa yake? Kasuku wadogo wa Fischer, wenyeji wa kusini mwa Ziwa Victoria, wanaishi huru leo Tanga na Mombasa kwa sababu walisafirishwa na watu. Kisiwa cha Rubondo kiliwapokea kasuku wa kijivu walionaswa kutoka kwenye biashara haramu na kuachiwa huko mwaka 2000. Ndege wa rangi za kung'aa anayeonekana katikati ya mji, asiyeogopa watu, akaguliwe pete za rangi, kucha zilizorefuka kupita kiasi na mkia uliochakaa kwa kusugua nyaya.

Mgeni akishapatikana, mkono uende kwenye daftari kabla ya kitabu. Yaandikwe mambo kama yalivyoonekana: saa, umbali, mwanga ulitoka upande gani, alionekana dakika ngapi, alikuwa karibu na ndege gani wa kumlinganisha kwa ukubwa, mdomo, miguu, bawa juu na chini, sauti. Mchoro mbaya wenye mishale una thamani kuliko aya tatu za sifa. Yaandikwe pia yale ambayo hayakuonekana. “Sikuona kiuno” ni sentensi inayojenga imani. Simu ikiwekwa kwenye jicho la darubini hutoa picha chafu lakini yenye ushahidi, na video fupi ya ndege akiruka huonyesha mapigo ya bawa ambayo picha haiwezi. Programu za simu kama Merlin husaidia kupendekeza, hasa kwa sauti, lakini pendekezo la simu katika kelele za mvua na injini za mitumbwi lisihesabiwe kuwa kumbukumbu.

Usalama wa mtazamaji na wa ndege uende pamoja. Radi za ziwa hili zinaua, na mawe makubwa yanayoifanya Mwanza ipendeze ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kusimama wingu likiunguruma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Ziwa Victoria. Usomwe jioni ya kuamkia safari, na mtumbwi usikodiwe siku ya onyo. Kichocho kipo katika maji ya kina kifupi ya fukwe hizi, na maji ya Mirongo baada ya mafuriko yana hatari zaidi ya hiyo, kwa hiyo kuingia miguu mitupu ni marufuku hata kwa ndege anayeonwa mara moja maishani. Viboko na mamba wasisahauliwe kwenye mafunjo. Ndege aliyechoka asikimbizwe: kila anaporushwa hutumia mafuta aliyoyabakiza kwa safari, na mtoto asilipwe sarafu ili arushe mawe vichakani.

Na ndege waliokufa kwa wingi wasiguswe kamwe. Januari 2017, buabua mabawa-meupe walikufa kwa wingi katika ghuba ya Lutembe karibu na Entebbe, kwenye ziwa hili hili, na vipimo vikaonyesha mafua makali ya ndege ya aina ya H5N8. Dhoruba huua ndege wachache na kuwatawanya. Mizoga mingi ya aina moja mahali pamoja ni habari ya kumpelekea ofisa wa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.

Kumbukumbu zina njia zake. Jukwaa la eBird, linaloendeshwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, hupokea orodha ya mtu yeyote, na ndege asiyetarajiwa hupelekwa kwa mkaguzi anayeweza kuandika kuomba maelezo zaidi. Mtazamaji asichukulie ombi hilo kuwa tusi. Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ulioasisiwa na Neil na Liz Baker, umekusanya kumbukumbu za nchi nzima kwa miongo kadhaa. Kwa ndege aliye mpya au karibu mpya kwa nchi, maelezo kamili huenda kwa Kamati ya Ndege Adimu ya Afrika Mashariki, na kumbukumbu zilizokubaliwa huchapishwa katika jarida la Scopus, linalotolewa Nairobi tangu 1977. Kamati huuliza yale yale ambayo daftari lililoandikwa mvuani hujibu vizuri kuliko kumbukumbu ya kichwani: aliyekuwa karibu naye ni nani, mwanga ulikuwaje, na kwa nini asiwe yule wa kawaida anayefanana naye. Maelezo yatumwe ndani ya wiki ya kwanza, picha zikiwa halisi bila kukuzwa wala kung'arishwa, pamoja na nakala ya ukurasa wenyewe wa daftari, hata ukiwa na madoa ya tope.